Gari Linalopanda Mlima Vizuri Likamisi Tambarare

Hilux tuliyonayo nyumbani ni ya mwaka 1988: petroli, injini ya 22R, silinda nne, kabureta. Baba aliinunua mkononi mwa mtu mwaka 1999, akabebea ndizi miaka 18, na macho yalipoanza kumsumbua akanikabidhi funguo pamoja na daftari lake la gari. Humo ameandika kila kitu kwa kalamu ya bluu: siku aliyomwaga oili, beringi iliyobadilishwa na ya gurudumu gani, hata siku aliyofunga vioo vipya vya pembeni baada ya vile vya mwanzo kuibwa. Mwaka juzi nililisoma ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta kama gari hili liliwahi kumsumbua yeye namna lilivyokuwa linanisumbua mimi. Sikuona kitu.

Kazi yangu ni ile ile aliyoifanya yeye. Mara tatu kwa wiki natoa ndizi Kibosho, nazishusha Soko la Kilombero pale Arusha, narudi Moshi na viazi au vitunguu. Kilomita kama 80 kwenda na 80 kurudi. Barabara hiyo naijua kwa mwili: mteremko wa kuingia mto Kikafu na mlima wake wa kutokea, tambarare ya kuanzia Boma Ng'ombe hadi njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ambako upepo unakupiga ubavuni, kisha Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River na Tengeru, ambako unapanda kidogo kidogo bila kujua kuwa unapanda. Moshi mjini uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, Arusha ni kama 1,400. Nayataja haya mapema kwa sababu ugonjwa wa gari ulikuwa umeandikwa kwenye barabara hiyo, nami nilipita juu yake wiki saba bila kuusoma.

Ilianza Jumanne asubuhi. Tumeshaipita Boma Ng'ombe, barabara imenyooka, gia ya tano, spidi 75, mguu umegusa tu pedali ya mafuta. Ghafla injini ikakata. Haikuzima. Ilikata, ikarudi, ikakata mara mbili za haraka, ikarudi tena, kana kwamba kuna mtu anazungusha swichi na kuirudisha kabla hujauona mkono wake. Mikungu ikasukumana nyuma. Utingo wangu, kijana wa jirani yetu, akashika dashibodi kwa mikono miwili. Kulikuwa na basi nyuma yetu linawasha taa, kwa hiyo nikakanyaga mafuta nijitoe, na gari likavuta safi kabisa. Nilipolegeza mguu likaanza tena.

Tulipofika Kikatiti na mpando ukaanza, likatulia. Kutoka hapo hadi Kilombero halikusita hata mara moja, na mzigo ulikuwa mzito. Wakati wa kurudi, tukishuka kutoka Usa River na gari jepesi, lilikohoa karibu njia nzima.

Mtu yeyote ukimwambia gari linamisi barabarani atakujibu mafuta. Hata mimi nilijijibu hivyo. Neno kuchakachua tumeishi nalo muda mrefu. EWURA, mamlaka ya serikali ya kudhibiti nishati na maji, ilianza mpango wa kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu hiyo hiyo, petroli na dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa. Basi nikamwaga tanki. Tulitoa lita kama ishirini kwenye madumu, nikajaza chupa mbili za maji ya kunywa na kuziacha juani hadi jioni. Kama kuna maji yangejikusanya chini na kujitenga kwa mstari. Hakukuwa na mstari. Harufu ilikuwa ya petroli tupu. Nikairudisha tankini na kubadilisha chujio, shilingi 10,000.

Halikupona. Fundi wa kwanza, hapa hapa Moshi, akasema pampu imechoka, ile ya kusukumwa na injini yenyewe, kiwambo chake kikilegea haitoi mafuta ya kutosha ukiwa kasi. Maelezo hayo ni ya kweli kabisa kuhusu pampu. Nikanunua nyingine, 65,000. Baada ya hapo kabureta ikafunguliwa na kuoshwa, 40,000. Fundi wa pili, upande wa Unga Limited kule Arusha, akasema tatizo ni mwinuko: hewa ya Arusha ni nyepesi kuliko ya Moshi, mafuta yanazidi hewa, injini inakabwa. Nalo ni kweli, gari la kabureta likipanda juu mchanganyiko wake unazidi mafuta. Lakini gari langu lilikuwa linamisi Boma Ng'ombe na kupona likikaribia Arusha, kinyume cha maelezo yake, na hatukuliona hilo si mimi wala yeye. Akazungusha skrubu ya mchanganyiko, injini ikanguruma vizuri tukiwa tumesimama, tukashukuriana. Skrubu ile kazi yake kubwa ni sailensi, yaani injini inaponguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta. Ukiwa spidi 75 karibu haina neno.

Kuna kosa moja nililirudia kila mara na nataka kulisema wazi. Kila nilipotoka gereji nilijaribu gari mjini. Moshi mjini huwezi kufika 70 kabla hujakutana na tuta, mzunguko wa barabara au bodaboda. Nilikuwa nakwenda mpaka YMCA, nageuza, narudi, naona halijasita, nalipa. Kesho yake nikifika Boma linaanza. Nilikuwa napima homa ya usiku saa sita mchana.

Tukahamia kwenye moto, yaani umeme wa cheche. Plagi nne, 40,000. Waya za plagi, 45,000. Koili inayotoa umeme wa cheche, 60,000. Kufikia hapo nilikuwa nimeshatoa 220,000 kwa spea peke yake, na safari mbili nilikuwa nimezikosa. Mama mmoja wa Kilombero anayenunua ndizi zangu tangu enzi za baba alianza kuchukua kwa mtu mwingine. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, wateja wangu wanakuja saa moja, wewe unafika saa tatu," na mimi sikuwa na cha kumjibu.

Wiki ya sita yalitokea mambo mawili ambayo leo nayaona yalikuwa yanapiga kelele.

La kwanza, eksozi ilianza kulipuka. Gari linakata, linarudi, halafu "pa!" nyuma. Siku moja karibu na njia panda ya KIA mlipuko ulimshtua mwendesha baiskeli, akaingia kwenye majani. Nilisimama, nikashuka, nikamwomba radhi. Alikuwa mzima, lakini mikono ilimtetemeka na yangu pia. Gari linalokosa mafuta kwa kawaida halifanyi hivyo. Linafifia. Ili kitu kilipuke kwenye eksozi lazima petroli ifike huko bila kuungua, maana yake mafuta yalikuwepo na cheche ndiyo haikuwepo.

La pili alilisema utingo. Dashibodi yetu ina saa ya mizunguko ya injini, na ni mojawapo ya vitu vichache vya dashibodi hiyo vinavyofanya kazi. Siku hiyo, gari lilipokata, kijana akasema, "Kaka, ule mshale unaanguka mpaka chini." Nikamwambia aache mshale, aangalie mzigo. Nilikuwa nimechoka na nilimjibu kwa ukali. Mshale ule unaendeshwa na umeme wa koili. Injini ikiishiwa mafuta, mshale unashuka polepole pamoja na mizunguko yenyewe. Ukidondoka ghafla hadi sifuri huku magurudumu bado yanazungusha injini, basi umeme wa cheche umekatika. Mtoto wa miaka 19 alikuwa ameshapima gari kwa macho yake, na mimi nikamnyamazisha. Nimeshamwomba msamaha, na tangu siku hiyo akisema ameona kitu nasimamisha gari tukitazame pamoja.

Aliyenielekeza mahali sahihi ni baba. Nilikuwa namhesabia gharama, akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Umempelekea mzee wa waya pale Majengo?" Sikuwa nimempelekea. Nilimjua kama fundi wa kufufua alterneta na stata, anakaa chini ya mwarobaini na benchi lake la mbao, na nilijiambia huyo si mtu wa injini.

Nilifika kwake Jumamosi saa nne.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hilo si gari la baba yako? Hajambo?"

"Hajambo, anakusalimia."

Nikaanza kumweleza vitu nilivyobadilisha. Akaniinulia kiganja. "Hivyo vya kununua utaniambia baadaye. Niambie gari linafanya nini."

Akaniuliza maswali akiwa amekaa, boneti imefungwa. Likiwa kwenye sailensi linatulia? Linatulia. Ukiondoka gia ya kwanza, ya pili? Safi. Mlimani na mzigo? Safi. Linaanza spidi ngapi? Kuanzia kama 65. Hapo akasimama kidogo kwenye swali moja, akalirudia mara mbili kwa maneno tofauti: "Likiwa linakata, ukikanyaga mafuta, linafanyaje? Linazidi, au linaacha?"

"Linaacha."

"Linaacha palepale?"

"Palepale, mzee."

"Basi si mafuta," akasema, akanyanyuka. "Gari lenye njaa ukiliongezea kazi linakufa. Lako ukiliongezea kazi linapona. Fungua boneti."

Kwenye ubavu wa distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, kuna kikopo cha bati kama kifuniko cha chupa kubwa, na kutoka humo linatoka bomba dogo la mpira, unene wa penseli, linakwenda kwenye kabureta. Nimelifungua boneti lile mara mia na bomba hilo sikuwahi kulifikiria. Mzee akalichomoa upande wa kabureta, akalifuta ncha kwa pindo la shati, akaniambia niwashe. Injini ikakaa kwenye sailensi, imetulia. Akainama, akaweka bomba mdomoni, akavuta pumzi taratibu, kama mtu anayenyonya soda iliyobaki kidogo chini ya chupa.

Mlio ukapanda kidogo, ukachangamka. Akavuta zaidi. Injini ikakata.

Akaachia kabla haijazima, ikadaka, ikarudi kunguruma kama kawaida. Akavuta, ikakata. Akaachia, ikadaka. Akafanya hivyo mara nne, macho yake yananitazama mimi, si injini. Kukata kule nilikujua. Ulikuwa ni ule ule mkato wa tambarare ya Boma Ng'ombe, tumesimama chini ya mwarobaini Majengo, gari halijasogea hata inchi moja. Nilihisi machozi karibu. Wiki saba nilikuwa nasafiri kilomita 30 ili kuukuta ugonjwa huo, na mzee aliuita kwa mdomo wake.

"Njoo na wewe," akasema. Nikavuta. Bomba lilikuwa na ladha ya petroli na vumbi. Injini ikakata mdomoni mwangu.

Hakufungua chochote bado. Alichukua skrubu fupi, akaziba ncha ya bomba, akaziba pia tundu la kabureta kwa kipande cha mpira, akaniambia, "Nenda KIA urudi. Hela baadaye." Nikaenda na utingo. Tulivuka Kikafu, tukapita Boma, nikaliweka 75, mguu mwepesi kabisa, kisha 80. Halikusita. Utingo alikaa ameukazia macho ule mshale njia nzima na hakusema neno hadi tuliporudi Majengo.

Sasa nieleze kwa nini, kama mzee alivyonieleza, maana ni hapa gari zima lilipofunguka kichwani mwangu. Ukitembea tambarare kwa mguu mwepesi, kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofungulia hewa, kinafunguka kidogo tu. Silinda zinapata mchanganyiko kidogo, na mchanganyiko mwepesi wa namna hiyo unaungua taratibu. Ili uungue kwa wakati, cheche inabidi iwahi. Ndiyo kazi ya kile kikopo: ndani yake kuna kiwambo, na mvuto wa hewa unaotoka kwenye kabureta unakivuta kiwambo, nacho kinavuta kisahani kilichomo ndani ya distributa, kisahani kinazunguka kidogo, cheche inawahi. Mafundi wanauita mvuto huo vakyumu. Ukikanyaga mafuta, kipepeo kinafunguka sana, vakyumu inaanguka, springi inakirudisha kisahani mahali pake. Ukiwa kwenye sailensi nako hakuna mvuto, kwa sababu tundu la bomba liko juu ya kipepeo kilichofungwa. Kwa hiyo mwendo ambao kisahani kinavutwa hadi mwisho na kukaa huko ni mmoja tu, ule wa tambarare na mguu mwepesi.

Juu ya kisahani hicho kimefungwa kikoili kidogo ambacho ndicho kinachohisi mzunguko na kuiambia ignaita, swichi ya elektroniki ya moto, ikate umeme wa koili ili cheche iruke. Magari ya zamani zaidi hapo pana platini, swichi ya kugusana na kuachana. Kutoka kwenye kikoili zinatoka nyaya mbili nyembamba kwenda nje. Kisahani kikizunguka, nyaya zinakunjwa. Kikirudi, zinakunjuliwa. Kila tuta, kila kulegeza mguu, kila kukanyaga, tangu 1988. Waya wowote ungechoka.

Nilitembea siku tatu bomba likiwa limezibwa, ndipo tukafungua kifuniko cha distributa, tukatoa rota, kile kipande kinachozunguka juu ndani yake. Nyaya zilionekana nzima. Mpira wake ulikuwa haujapasuka popote, na nadhani ndiyo sababu mafundi wawili waliofungua kifuniko hicho kabla yake hawakuona kitu. Mzee hakutazama sana. Aliukamata waya wa kwanza kati ya kucha mbili na kuutembeza kidogo kidogo, akiupinda kila baada ya milimita chache. Ulikuwa mgumu kiasi, unarudi ukiuachia. Akaja kwenye wa pili. Sehemu moja, karibu kabisa na pale unapoingia kwenye kikoili, waya ulijikunja kama uzi. Haukurudi. Ndani ya mpira mle shaba ilikuwa imeshakatika, ncha mbili zimegusana tu, na kisahani kikivutwa zinaachana kwa unene wa karatasi.

Akafunga mita ya kupimia umeme kwenye ncha za nyaya. Kisahani kikiwa kimepumzika ilisoma omu 160 na kitu, omu zikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme. Kwa distributa ya aina yangu kipimo kizuri ni kati ya 140 na 180, kwa hiyo kikoili chenyewe kilikuwa kizima. Akanipa bomba nivute. Namba zikarukaruka, kisha zikapotea kabisa, mita ikaonyesha hakuna njia. Nikaachia, 160.

Nilitaka anunue kikoili kipya mara moja. Akasema cha mtumba kitakuja na nyaya za umri ule ule, na kipya cha bei rahisi hujui kitadumu siku ngapi. Kikoili changu ni kizima, tubadilishe waya. Akatoa kwenye mkebe kipande cha waya laini ajabu, ukiuning'iniza unadondoka kama kamba ya kiatu. Ulikuwa umetoka kwenye mita ya kupimia umeme iliyoharibika. Akanikatia ncha nione: ndani kulikuwa na nyuzi nyingi nyembamba kama nywele. Waya wa nyumba, alisema, una shaba nene chache, ukiuweka hapa utakatika kabla ya Krismasi.

Alichofanya baadaye nilikiandika kwenye daftari la baba siku hiyo hiyo. Alifunga uzi mwekundu kwenye waya mmoja kabla ya kukata chochote, kwa sababu nyaya zile zikibadilishana upande cheche inatoka kwa wakati usio wake na gari linamisi upya, na utarudi kuanza kutafuta ugonjwa mwingine. Alibadilisha zote mbili ingawa mmoja ulikuwa haujakatika. Aliunganisha kwa risasi ya kuyeyusha ya kuungia nyaya, lakini kwa tone dogo sana, na maungio akayaweka mbali na mahali nyaya zinapokunjwa, akayafunga kwa uzi kwenye mwili wa kikoili yasicheze. Risasi ikinyonywa ndani ya nyuzi inazifanya kuwa fimbo, na fimbo ikikunjwa kila siku inavunjika palepale inapoishia. Mwisho aliacha waya ulegee kidogo, kisahani kikizungushwa hadi mwisho bado uwe na nafasi, lakini usilegee hadi ukaguswa na rota. Hapo alitumia muda mrefu kuliko kote. Alizungusha kisahani kwa kidole, akatazama kwa tochi ya simu, akasogeza waya milimita moja, akazungusha tena. Kazi nzima ilichukua saa moja na nusu. Alinidai 20,000. Nilimpa 50,000, akakataa, tukaelewana 30,000 na mkungu mmoja wa ndizi za mshare.

Kuhusu kuziba bomba. Nimekutana na madereva wawili, wote wa magari ya umri kama wa langu, ambao mafundi waliziba lile bomba na kuliacha hivyo moja kwa moja, na gari likaacha kumisi. Nawaelewa. Likizibwa gari linatembea na hakuna kitu kinachovunjika leo. Lakini cheche inachelewa muda wote ukiwa tambarare, mafuta yanaungua vibaya, unatumia petroli zaidi na injini inapata joto kuliko inavyotakiwa. Mimi mwenyewe siku zile tatu nilizotembea nikiwa nimeziba, kwa sababu mzee alitaka nihakikishe kabla hajafungua, niliona tofauti ya mafuta kwenda na kurudi Arusha. Kuziba ni njia nzuri sana ya kupima. Kama dawa siikubali, na kwa mtu anayeishi kwa kuhesabu lita ni hasara ya kila siku inayolipwa kimyakimya.

Jumanne iliyofuata nilipakia Kibosho saa kumi alfajiri. Bomba limerudishwa mahali pake, hakuna skrubu. Boma Ng'ombe tulipita kukiwa kunapambazuka, Kilimanjaro iko wazi nyuma yetu kwenye kioo. Nikaliweka 75, nikalegeza mguu hadi pale hasa lilipokuwa linakata. Utingo akasema, "Umetulia, kaka." Kilombero tulifika saa moja kasoro dakika kumi na tano, na nilikwenda moja kwa moja kwa yule mama. Alichukua mikungu sita. Zamani alikuwa anachukua kumi na mbili. Hizo sita nyingine zilirudi baada ya mwezi.

Sasa watu wananiletea magari yao, nami si fundi. Ninachofanya ni kuuliza yale maswali ya mzee na kuwaelekeza kwake. Mwezi uliopita jirani yangu wa Pasua alikuja na pikapu yake, ya petroli vilevile, analalamika kwa maneno yale yale kabisa: inamisi ikiwa kwenye mwendo, mjini haina neno. Alikuwa ameshasikia habari ya waya wangu na alitaka tufungue distributa hapo hapo.

Nikamuuliza ikianza kukata, akikanyaga mafuta inafanyaje.

"Inakufa kabisa. Mpaka nisimame."

"Ukisimama muda gani ndiyo inaendelea?"

"Dakika tano, kumi. Inawaka kama haijafanya kitu, naenda tena nusu saa."

"Na ukitoka tu nyumbani asubuhi?"

"Asubuhi haisumbui. Ni mpaka niende mbali."

Hilo lilikuwa gari lenye njaa. Tukapanda wote wawili, tukaenda nalo hadi ng'ambo ya mto Weruweru, likaanza kusita kwenye mlima, likafa. Nilimwambia asiguse boneti. Nilizunguka nyuma kwenye mdomo wa tanki, nikazungusha kifuniko robo tu, na tukasikia tanki likivuta hewa kwa nguvu, sauti ndefu, kama mtu aliyekuwa amezama anayeibuka majini. Tundu la kupumulia la kifuniko lilikuwa limezibwa na vumbi lililogandamana na mafuta. Kadiri pampu ilivyovuta petroli ndivyo tanki lilivyobaki bila hewa ya kujaza nafasi, hadi pampu ikashindwa.

Tulirudi Pasua kifuniko kikiwa kimelegezwa, kimefunikwa na kitambaa, na gari halikusita. Jioni hiyo akakiosha kwa petroli, akapitisha sindano kwenye tundu. Alikuwa ameshalipia nusu ya bei ya pampu mpya kwenye duka la spea, na kesho yake asubuhi alikwenda kudai hela yake.